Orodha ya Wasiowahi Kuitwa

Kwa miaka mingi barua ya kuwaita walimu kwenye mafunzo ilisafiri mikononi mwa watu. Ilitoka mezani kwa Afisa Elimu, ikapita masijala kupigwa muhuri na kupewa namba ya kumbukumbu, ikawekwa kwenye kisanduku cha kata, na hapo ikamsubiri Afisa Elimu Kata aje mjini kwa shughuli nyingine. Akiichukua, alimkabidhi mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu naye, na huyo akampa dereva wa bodaboda au mwanafunzi anayekaa jirani na shule inayofuata. Katika wilaya niliyofanyia kazi, iliyoko Kanda ya Ziwa na yenye visiwa, kipande cha mwisho cha safari hiyo kilikuwa ndani ya mtumbwi. Barua ya mafunzo yanayoanza Jumatatu iliweza kufika kisiwani Jumatano, na mwalimu akaisoma akijua kwamba wenzake wako siku ya tatu ya semina.

Nilifundisha shule ya msingi kabla ya kuhamishiwa ofisi ya elimu na kukabidhiwa dawati la mafunzo kazini. Nilikuwa nimekaa pande zote mbili za barua ile, ndiyo maana nilipoambiwa kwamba sasa walimu wataomba nafasi za mafunzo kwa mtandao na kumbukumbu zao zitatunzwa humo, nilifurahi kwa sababu ambayo wengi ofisini hawakuitaja. Wao walizungumzia kuokoa karatasi na muda. Mimi nilikuwa nawaza juu ya sentensi moja iliyokuwamo katika kila barua: shule ilete walimu wawili.

Walimu wawili gani? Hilo liliachwa kwa mwalimu mkuu. Wengi wao walichagua kwa nia njema. Walimpeleka yule ambaye darasa lake lingeweza kushikwa na mwenzake, asiyekuwa na mtoto mchanga, anayejieleza vizuri mbele za watu, anayekaa karibu na barabara. Nia hiyo njema, ikirudiwa kila mwaka, iliwafanya walimu walewale waende kila mara. Mama mwenye mtoto wa kunyonya aliachwa mwaka huu ili apumzike, mwaka uliofuata akaachwa kwa sababu hakuhudhuria awamu ya kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyemkumbuka.

Tuseme na la posho, maana bila kulisema maelezo haya hayatakuwa kamili. Posho ya kujikimu na nauli ya siku tano za semina, kwa mwalimu wa shule ya msingi, ilikuwa sare za watoto wawili na daftari zao, au mabati machache ya nyumba anayojenga polepole. Simlaumu mwalimu aliyeitaka. Nafasi ya semina ilikuwa na maarifa ndani yake na ilikuwa na riziki pia, kwa hiyo anayegawa nafasi hizo alikuwa na mamlaka makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye muundo wa utumishi. Mamlaka hayo hayakuwa na kumbukumbu yoyote. Aliyekwenda aliandikwa. Aliyeachwa hakuandikwa popote.

Na hata aliyekwenda, kumpata kwenye karatasi ilikuwa kazi. Kila semina ilikuwa na karatasi mbili za kutia sahihi, moja ya mahudhurio na moja ya malipo. Ya mahudhurio ilitiwa kwenye boksi pamoja na mabango ya manila na kalamu zilizokauka, ikahamishwa stoo, ikaliwa na mchwa. Ya malipo ilitunzwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu wakaguzi wa hesabu wangeiulizia. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulipoanza, walimu wengi walipata mafunzo ya KKK. Miaka kadhaa baadaye tulihitaji kujua ni nani katika wilaya yetu waliyapata, ili wawe viongozi wa wenzao. Jibu tulilipata kwa mhasibu. Tuliketi na hati za malipo, tukasoma majina moja baada ya jingine, na kutoka humo tukajenga kumbukumbu ya kwanza ya kitaaluma ya walimu wetu. Hati hizo zilitueleza nani alilipwa nauli kutoka wapi. Hazikutueleza alijifunza nini.

Walimu wenyewe walikuwa na kumbukumbu bora kuliko sisi. Kila mmoja alikuwa na bahasha ya kaki, au mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, wenye vyeti vya semina tangu ajira yake ya kwanza. Wapo waliokuja ofisini na vyeti vya mafunzo ambayo hakuna mtu aliyebaki ofisini aliyekumbuka yalifanyika, ya tangu enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002. Nyumba ikiungua au paa likivuja, historia ya mwalimu iliondoka na bahasha ile.

Mfumo wetu ulitengenezwa na kijana wa kitengo cha TEHAMA. Haukuwa mkubwa. Wakati huohuo nchi nzima ilikuwa inaingia kwenye MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo kiunzi chake cha kitaifa kilitoka 2020, na Taasisi ya Elimu Tanzania ilikuwa inaweka masomo yake kwenye mfumo wa kujifunzia mtandaoni. Wetu ulikuwa wa jambo dogo la kila siku: kutangaza mafunzo, kupokea maombi, kutunza kumbukumbu. Mafunzo yaliwekwa yakiwa na tarehe, kituo, darasa linalolengwa na idadi ya nafasi. Mwalimu aliingia kwa cheki namba yake ya utumishi na kuomba mwenyewe. Ombi lilimfikia mwalimu mkuu, ambaye alikuwa na siku tatu za kukubali au kukataa. Akikataa alitakiwa kuandika sababu, na akinyamaza ombi lilipita. Mwalimu alipata ujumbe mfupi kwenye simu. Mafunzo yakiisha, mwezeshaji aliingiza mahudhurio ya kila siku na cheti kikabaki humo.

Kipengele cha kuandika sababu kilibishaniwa sana. Baadhi ya walimu wakuu waliona kwamba tunawavunjia heshima. Mmoja, mzee ninayemheshimu, aliniambia, "Madam, mimi nikisema mwalimu fulani haendi, hiyo ni sababu tosha." Nilimwelewa. Ndiye anayejua kwamba akiondoka huyo, watoto mia na zaidi watabaki bila mtu. Nikamwomba aandike hivyohivyo, kwamba hakuna wa kushika darasa. Akaandika, na wenzake wakaandika, na baada ya muda tulikuwa na jambo ambalo barua za miaka yote hazikuwahi kutupatia: orodha ya shule ambazo walimu wake hawawezi kwenda kujifunza kwa sababu ni wachache mno. Orodha hiyo ilikwenda kwenye kikao cha kupanga walimu wapya. Mwalimu mkuu yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata faida yake.

Kazi ngumu ya kuanzisha mfumo ilikuwa majina. Mwalimu aliyeajiriwa kwa jina la baba yake aliolewa, akaanza kutumia la mumewe. Semina moja aliandika majina mawili, nyingine matatu, nyingine herufi ya kwanza na ubini. Kwenye karatasi zetu alikuwa watu wanne. Cheki namba ilitatua hilo kwa walioajiriwa, lakini ilifunga mlango kwa wengine ambao sikutegemea wangekuwa wengi kiasi kile. Shule ya kisiwani inaweza kuwa na walimu watatu wa serikali na wawili wa kujitolea, vijana waliohitimu chuo cha ualimu wakingoja ajira, wanaolipwa kwa michango ya wazazi. Mara nyingi vijana hao ndio wanaopewa darasa la kwanza, darasa linalohitaji ujuzi kuliko yote na ambalo walimu wazoefu hulikimbia kwa wingi wa watoto wake. Hawana cheki namba. Kwa mfumo, hawakuwepo.

Tulibishana ofisini kama wahesabiwe. Hoja ya kuwaacha ilikuwa na mantiki ya kifedha, kwamba fedha za mafunzo ni za watumishi. Hoja ya kuwaingiza ilikuwa mtoto wa darasa la kwanza, ambaye hajui kama anayemfundisha herufi ana ajira au hana. Hatimaye tuliwasajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ili siku wakiajiriwa kumbukumbu zao ziunganishwe na cheki namba. Kwa posho hatukuwa na uwezo. Kwa mafunzo yanayofanyika ngazi ya kata waliingia kama wengine.

Simu nazo zilikuwa na mambo yake. Baadhi ya walimu walikuwa na simu ya kitochi, na wengine walikuwa na simu janja ambayo bando lake linanunuliwa mshahara ukitoka. Mtandao visiwani ulipatikana mwaloni au juu ya jiwe fulani ambalo kila mtu wa kijiji alilijua. Hali ilibadilika kwa kiasi baada ya vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 kugawiwa walimu. Kishikwambi kilikuwepo shuleni, ila umeme wa kukichaji na bando la kukitumia vilibaki mfukoni mwa mwalimu. Tulichofanya ni kumruhusu Afisa Elimu Kata kuomba nafasi kwa niaba ya mwalimu, mwalimu akiwa hapo mbele yake au akiwa amepiga simu. Wapo waliosema kwamba hilo linarudisha mambo kwa mtu wa kati. Kwa maoni yangu halikurudisha, kwa sababu ombi lilibaki na jina la mwalimu na saa lilipoingizwa, na mwalimu alipata ujumbe kwenye kitochi chake.

Jambo lililonifundisha zaidi lilitokea tulipofungua nafasi za kwanza kabisa. Tuliweka utaratibu unaoonekana kuwa wa haki kuliko wote, wa kwanza kuja wa kwanza kuhudumiwa. Nafasi zilijaa siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana. Tulipozigawa kwa kata, karibu zote zilikuwa za shule za mjini na za kando ya lami. Walimu walewale waliokuwa wanachaguliwa na walimu wakuu zamani sasa walikuwa wamejichagua wenyewe, kwa kasi ya mtandao wao. Mfumo ulikuwa umefanya kazi bila hitilafu yoyote, na matokeo yalikuwa yaleyale ya barua ya mtumbwi.

Tukabadilisha. Maombi yakawa yanapokelewa kwa wiki nzima bila kumpa mtu nafasi, ili wa kisiwani aliyefika mwaloni Alhamisi awe sawa na wa mjini aliyeingia Jumatatu asubuhi. Wiki ikiisha, mfumo uliwapanga waombaji kwa kuangalia nani anafundisha darasa linalolengwa na nani amekaa muda mrefu zaidi bila kupata mafunzo. Nafasi kadhaa zilitengwa kwa kila kata, na zikikosa mwombaji ndipo zilipofunguliwa kwa wengine. Wanaoshika madawati kama langu wanaofikiria kununua au kutengeneza mfumo, hili ndilo ningewashauri walitazame kuliko rangi za kurasa na alama za vidole. Kanuni ya kugawa nafasi iko ndani ya programu mahali ambapo mwalimu haioni, na yeyote aliyeiandika ndiye sasa anayekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu wa zamani. Ichapishwe. Ibandikwe ukutani kwenye kila ofisi ya kata.

Ili kupanga watu kwa muda waliokaa bila mafunzo, ilibidi tuchapishe orodha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiomba: walimu wote wa wilaya ambao kumbukumbu yao ni tupu. Wengine walikuwa wapya kazini. Wengine walikuwa na vyeti kwenye bahasha zao ambavyo sisi hatukuwa navyo, wakavileta tukaviingiza. Walipoondolewa hao wote, walibaki watu wazima, wenye miaka mingi ya kazi, ambao kwa kweli hawakuwa wameitwa.

Mmoja wao alikuja ofisini kutoka kisiwani. Alikuwa amebakiza mwaka na kidogo kufikia miaka 60 ya kustaafu kwa lazima, na alikuwa amefundisha madarasa ya chini muda mrefu kiasi kwamba wazazi wa wanafunzi wake walikuwa wanafunzi wake pia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimeambiwa jina langu limetoka kwenye karatasi yenu."

Nilimwonyesha. Alivaa miwani, akasoma taratibu mpaka kwenye safu yenye sifuri, akasoma tena.

"Mimi nilijua kwamba sikuitwa," alisema. "Nilichokuwa sikijui ni kama na ninyi mnajua."

Tulimpa nafasi katika mafunzo yaliyofuata ya kufundisha kusoma. Palikuwa na mtu aliyeuliza kwenye kikao kuna faida gani kumfundisha anayekaribia kustaafu, fedha zikapotea. Swali hilo liliniumiza na bado linaniuma. Mzee yule alikuwa anakwenda kupokea darasa la kwanza jingine kabla ya kuondoka. Watoto wale hawakuwa na mwalimu mwingine. Na mwalimu aliyehudumu maisha yake yote bila serikali kumwita hata mara moja anadai kitu kutoka kwetu, hata kama mwaka wake umebaki mmoja.

Wenzetu wa Kenya walitangulia katika baadhi ya mambo haya, na yaliyowapata yanatuhusu. Tume yao ya Huduma za Walimu ilileta tathmini ya utendaji ya TPAD mwaka 2016, na walimu wakawa wanaijaza kwa mtandao. Mwaka 2021 ilizindua mafunzo ya lazima ya kitaaluma ambayo mwalimu alitakiwa kuyalipia shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka, na vyama vya walimu vikapinga vikali. Hoja yangu hapa ni ndogo. Kumbukumbu ya mafunzo ikishafungwa na daraja, leseni au malipo, mwalimu ataijaza kwa ajili ya hayo. Atalazimika. Ndiyo sababu sikuwahi kuunga mkono wazo la kutoa alama kwa kila saa ya mafunzo, ingawa lilipendwa, kwa kuwa alama ni rahisi kuziweka kwenye taarifa ya robo mwaka.

Tatizo hilo linakuwa kubwa zaidi katika MEWAKA, ambayo msingi wake ni jumuiya za kujifunza, walimu wa shule moja wakikaa pamoja kujadili somo linalowashinda. Ni wazo bora kuliko semina za hotelini, na ninaliamini kwa moyo wote. Nimewaona walimu wakitumia saa nzima kutafuta namna ya kufundisha kukopa katika kutoa, wakigawana vijiti na vizibo vya chupa, na nikajifunza mwenyewe. Lakini ukiitaka jumuiya hiyo ipakie mahudhurio, picha na muhtasari wa kurasa mbili, utapata picha na muhtasari, na mazungumzo yatakufa. Tulipunguza fomu ikabaki na mambo matatu: mada, nani aliongoza, na nini kitajaribiwa darasani wiki inayofuata. Hilo la tatu ndilo nililokuwa nalisoma. Pale shule ilipoandika kwamba itajaribu kufundisha silabi kwa kadi, nilijua cha kuuliza nikienda kuitembelea.

Liko pia suala la usiri. Mwanzoni orodha za waliochaguliwa zilisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na majina, cheki namba na namba za simu. Haikuchukua muda walimu wakaanza kupigiwa na watu waliojifanya maofisa, wakiwataka watume fedha kidogo ili posho yao itoke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaitaka kila taasisi inayokusanya taarifa za mtu izilinde, na inampa mwenye taarifa haki ya kuziona na kuomba zirekebishwe. Wengi wanaisoma sheria hiyo kama onyo kwa ofisi. Mwalimu aisome kama mali yake. Ana haki ya kuuliza ofisi yake imeandika nini juu ya mafunzo aliyopata, na kama kuna cheti ambacho hakimo, ana haki ya kudai kiingizwe.

Sikai tena kwenye dawati lile. Mifumo ya serikali inaunganishwa, na huenda ule mdogo wetu ukamezwa na mkubwa zaidi, jambo ambalo ni sawa kabisa ikiwa kumbukumbu za watu zitavuka salama pamoja nao. Kwa hiyo nakuomba wewe uliyekaa hapo sasa, unayeandaa mafunzo ya likizo ijayo: kabla hujafungua maombi, chapisha kwanza majina ya walimu wa wilaya yako ambao hawajawahi kuitwa. Wapelekee Maafisa Elimu Kata, wao wawafikishie wenyewe majina hayo mikononi, kisha anza kugawa nafasi kutoka hapo.